Bunduki Imetoka Wapi? Sheria za Silaha na Hesabu ya Mauaji

Mwaka 1996 nchi tatu zilitoa majibu matatu kwa swali moja. Tarehe 13 Machi, katika mji mdogo wa Dunblane huko Scotland, mtu mwenye bastola nne, zote akizimiliki kihalali, aliingia katika ukumbi wa mazoezi wa shule ya msingi akawaua watoto 16 na mwalimu wao. Tarehe 28 Aprili, upande wa pili wa dunia, kijana mmoja aliwaua watu 35 huko Port Arthur, eneo la watalii katika kisiwa cha Tasmania, Australia, akitumia bunduki za mtindo wa kijeshi. Uingereza ikapiga marufuku bastola. Australia ikanunua bunduki kutoka kwa raia wake na kuziharibu. Marekani nayo, ambayo haijawahi kupungukiwa na mikasa ya aina hiyo, ilichukua njia nyingine kabisa. Bunge lake lilipitisha kifungu kilichozuia fedha za kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa zisitumike kupigia debe udhibiti wa silaha, kisha likakiondolea kituo hicho dola milioni 2.6, kiasi kilekile kilichokuwa kimetumika mwaka uliotangulia kutafiti majeraha ya risasi.

Ya kwanza ilipiga marufuku, ya pili ikanunua, ya tatu ikaacha kuhesabu.

Tangu hapo mjadala umegawa watu kambi mbili. Kambi moja husema: punguza bunduki, mauaji yatapungua. Nyingine hujibu kwamba jambazi haendi kituo cha polisi kuomba leseni, na kwamba sheria huwafunga mikono watiifu na kumwachia mhalifu uwanja. Kila kambi ina nchi inayopenda kuitaja na takwimu inazozichagua. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba zote mbili huruka swali linalopaswa kutangulia: bunduki iliyoua ilitoka wapi? Penye bunduki za uhalifu zinazotoka dukani, sheria ya duka hufanya kazi. Zinapotoka katika ghala la serikali, sheria hiyo haigusi kitu, na wa kudhibitiwa kwanza ni mwenye ghala.

Kabla ya kufuata njia za bunduki, kuna mambo mawili ya kutenganisha: uhalifu na mauti. Mwaka 1968 mwanasheria Franklin Zimring alichapisha uchunguzi wa mashambulizi yaliyoripotiwa kwa polisi wa Chicago. Alitaka kupima dai linalosikika hadi leo, kwamba anayetaka kuua ataua tu, akikosa bunduki atashika kisu. Alichokikuta ni kwamba mashambulizi mengi, ya kisu na ya bunduki, yalizuka kutokana na ugomvi wa ghafla kati ya watu waliojuana, bila mpango wa muda mrefu. Kilichotofautiana ni matokeo. Aliyepigwa risasi alikuwa na uwezekano wa kufa takriban mara tano zaidi ya aliyechomwa kisu.

Karibu miaka 30 baadaye, yeye na mwenzake Gordon Hawkins walilinganisha miji ya nchi tajiri katika kitabu cha mwaka 1997. London haikuwa nyuma ya New York kwa wizi na uvunjaji wa nyumba. Lakini mwizi wa New York alikuwa akimwacha mwenye nyumba maiti mara nyingi zaidi. Kwa maneno mengine, Wamarekani si wezi kuliko Waingereza. Wizi wao ndio unaoua zaidi. Anayetazama takwimu za uhalifu kwa jumla anaweza kuapa kwamba sheria ya silaha haikubadili lolote, na akawa sahihi kwa upande wa wizi huku akikosea kwa upande wa makaburi.

Kuna mkanganyiko mwingine. Mwaka 2021 Marekani ilipoteza watu 48,830 kwa risasi. Zaidi ya nusu yao, 26,328, walijiua wenyewe. Waliouawa na wengine walikuwa 20,958. Sheria inayomtaka mnunuzi asubiri siku kadhaa kabla ya kukabidhiwa bastola inaweza kumwokoa mtu aliyekata tamaa usiku mmoja, na isimsumbue hata kidogo kijana wa genge aliyenunua yake uchochoroni. Kuchanganya vifo hivi katika hesabu moja kumezipa kambi zote mbili nafasi ya kujidai.

Australia ndiyo mfano unaotajwa zaidi, nao unastahili kutazamwa kwa utulivu. Waziri Mkuu John Howard alikuwa na wiki chache tu madarakani, tena kiongozi wa mrengo wa kihafidhina uliotegemea kura za wakulima na wawindaji. Siku 12 baada ya mauaji ya Port Arthur, mawaziri wa polisi wa majimbo yote walikubaliana kuhusu masharti ya kitaifa. Bunduki za raifali zinazojipakia risasi zenyewe zilipigwa marufuku kwa raia wa kawaida, pamoja na bunduki za marisau za kujipakia na za kukokiwa kwa pampu. Kila silaha iliyobaki ilipaswa kusajiliwa. Mwombaji leseni alitakiwa kutoa sababu ya msingi, kama vile kilimo, uwindaji au michezo ya shabaha; kujilinda hakukukubaliwa kuwa sababu. Alipaswa pia kusubiri siku 28. Serikali iliongeza kidogo kodi ya bima ya afya ili kupata fedha za fidia, na bunduki zipatazo 650,000 zikarudishwa. Howard alipokwenda kuwahutubia wenye bunduki wenye hasira katika mji wa Sale, jimbo la Victoria, alivaa fulana ya kuzuia risasi chini ya koti, na picha zilionyesha wazi ilivyotuna.

Matokeo yake? Katika miaka 18 kabla ya makubaliano hayo, Australia ilikuwa na mikasa 13 ambamo mtu mmoja aliwapiga risasi na kuwaua watu watano au zaidi. Baada yake ilipita miaka 22 bila mkasa wa kiwango hicho, hadi familia moja ya watu saba ilipoangamia huko Osmington, Australia Magharibi, Mei 2018. Katika miaka 20 ya kwanza, kiwango cha vifo vya risasi kilishuka kwa zaidi ya nusu.

Wapinzani wana jibu, na si jibu la kubeza. Mauaji ya bunduki nchini humo yalikuwa yameanza kupungua kabla ya 1996, na baadhi ya watafiti, wakiwemo Jeanine Baker na Samara McPhedran mwaka 2007, hawakuona katika mauaji ya kawaida mteremko mpya unaoweza kuhusishwa na sheria. Wengine, kama Andrew Leigh na Christine Neill mwaka 2010, waliona athari kubwa kwa upande wa watu wanaojiua. Isitoshe, kwa makadirio ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, miaka 20 baadaye idadi ya bunduki mikononi mwa raia ilikuwa imerudi karibu na ile ya kabla ya Port Arthur, kutokana na uagizaji mpya.

Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Idadi ilirudi, lakini aina ilibadilika na njia ikabadilika. Bunduki iliyoingia upya ilikuwa na namba, mmiliki aliyejulikana, na kabati la chuma lililoweza kukaguliwa. Australia ni kisiwa kikubwa kisicho na mpaka wa nchi kavu, na silaha zake nyingi zilikuwa zimeingia kwa mlango wa duka. Serikali iliushika mlango huo. Ndipo ilipofanikiwa.

Uingereza ilikutana na jambo gumu zaidi. Raia walisalimisha bastola zipatazo 162,000 baada ya sheria mbili za mwaka 1997. Kisha, kwa aibu ya waliozitunga, uhalifu wa bastola uliorekodiwa na polisi uliongezeka hadi kuzidi maradufu kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wapinzani wa udhibiti kote duniani bado wanautaja mfano huo, na takwimu zenyewe ni za kweli, ingawa sehemu ya ongezeko ilitokana na mabadiliko ya namna polisi walivyoandika makosa.

Kilichoendelea mitaani Manchester na London kinaeleza mengi. Magenge hayakuwa yakitumia bastola za wanachama wa vilabu vya shabaha. Yalitumia, pamoja na silaha za magendo, bastola za upepo na za kuigiza zilizofumuliwa na mafundi na kugeuzwa zitoe risasi halisi. Sheria ya 1997 ilikuwa imeufunga mlango aliopitia muuaji wa Dunblane, na ilifanya kazi hiyo. Mlango wa karakana ulibaki wazi. Bunge lilipopiga marufuku bastola za upepo zinazotumia katriji kwa sheria ya mwaka 2003, likaweka kifungo cha miaka isiyopungua mitano kwa anayekamatwa na silaha iliyokatazwa, na miaka mitatu baadaye likabana uuzaji wa bastola za kuigiza, makosa hayo yalianza kushuka.

Marekani ndiko hoja inakopiganiwa kwa sauti kubwa zaidi. Marekebisho ya Pili ya Katiba yaliidhinishwa mwaka 1791, na Mahakama ya Juu ilitamka katika shauri la Heller mwaka 2008 kwamba yanalinda haki ya mtu binafsi kuweka bunduki nyumbani. Shauri la Bruen mwaka 2022 likaipanua haki hiyo hadi barabarani. Mchumi John Lott alichapisha mwaka 1998 kitabu kilichodai kwamba majimbo yanayowaruhusu raia kubeba bastola zilizofichwa hupata uhalifu mdogo, kwa kuwa mhalifu huogopa asiyemjua. Baraza la Taifa la Utafiti liliteua jopo kuzipima hoja hizo, na ripoti yake ya mwaka 2004 ilisema ushahidi uliokuwepo haukutosha kusema kama sheria hizo zinapunguza uhalifu au zinauongeza. Miaka 15 baadaye John Donohue na wenzake, wakiwa na data ndefu zaidi, walikadiria kwamba miaka kumi baada ya kupitisha sheria hizo, majimbo yalikuwa na uhalifu wa kutumia nguvu uliozidi kwa asilimia 13 hadi 15 ule ambao yangekuwa nao bila sheria hizo.

Pamoja na hayo, si kila sheria ya udhibiti ilitoa matunda. Sheria ya Brady ya mwaka 1993 iliwalazimisha wauza bunduki wenye leseni kuchunguza historia ya mnunuzi. Philip Cook na Jens Ludwig walipoipima mwaka 2000 hawakuona tofauti katika mauaji. Walichokiona ni kupungua kwa watu wa miaka 55 na zaidi waliojiua kwa bunduki. Sababu si ngumu kuiona. Sheria ilimbana mwenye duka, ikamwacha muuzaji binafsi auze bila kuuliza lolote. Jimbo la Connecticut, ambalo tangu mwaka 1995 lilimtaka mnunuzi wa bastola apate kwanza kibali chake mwenyewe, popote anaponunua, lilifanya vizuri zaidi. Missouri ilikuwa na sheria ya namna hiyo na ikaifuta mwaka 2007. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walihusisha hatua ya kwanza na kupungua kwa mauaji ya bunduki, na ya pili na kuongezeka kwake.

Chicago hutajwa kama kejeli: mji wenye sheria kali na damu nyingi. Ripoti ya mji huo ya mwaka 2017 ilifuatilia asili ya bunduki zilizokamatwa na kukuta kwamba takriban asilimia 60 ziliuzwa mara ya kwanza nje ya jimbo la Illinois, huku Indiana jirani ikichangia zaidi ya moja kati ya tano. Mtu huvuka mpaka wa jimbo kwa gari, hununua palipo na ulegevu, na kurudi kabla ya chakula cha jioni. Sheria ya Chicago inakoma mpakani, gari halikomi.

Sasa Afrika, ambako mjadala huu huletwa ukiwa umevaa nguo za Marekani. Afrika Kusini ilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Silaha mwaka 2000, na ilianza kutumika kikamilifu mwaka 2004. Mwombaji alipaswa kufaulu mafunzo, kuchunguzwa, na kuomba upya leseni baada ya muda. Utafiti wa miji mitano uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba kati ya 2001 na 2005 maisha zaidi ya 4,500 yaliokolewa. Kitaifa, mauaji ya kila aina yalishuka kutoka karibu 26,000 katika mwaka wa hesabu wa 1994/95 hadi chini ya 16,000 mwaka 2011/12.

Kisha yakaanza kupanda. Sababu ni nyingi, lakini mojawapo ilianikwa mahakamani. Kanali Chris Prinsloo wa polisi alikuwa na dhamana ya silaha zilizosalimishwa na kukamatwa, zilizopaswa kuyeyushwa. Badala ya kuzipeleka kwenye tanuri, aliziuza. Bunduki zisizopungua 2,000 zilifika kwa magenge ya Cape Flats, vitongoji vya mji wa Cape Town. Mwaka 2016 alikiri makosa akahukumiwa kifungo cha miaka 18. Wachunguzi wa maganda ya risasi walikuwa wameziunganisha silaha za mkondo huo na mauaji zaidi ya 1,000. Raia aliyetii sheria, akapeleka bastola ya marehemu baba yake kituoni, huenda alimpa silaha muuaji. Nchi ilikuwa kama nahodha anayefua maji chomboni huku baharia wake akitoboa tundu chini.

Kaskazini mashariki mwa Uganda, historia ilianzia ghalani. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979, wanajeshi waliikimbia kambi ya Moroto, na wafugaji wa Karamoja wakalivamia ghala la silaha. Wizi wa mifugo uliokuwa ukifanywa kwa mikuki ukapata bunduki za rashasha. Mwishoni mwa 2001 serikali ya Yoweri Museveni ilianzisha usalimishaji wa hiari, na aliyetoa bunduki aliahidiwa jembe la kukokotwa na ng'ombe na mabati. Bunduki zipatazo 10,000 zilikusanywa. Mwaka 2002 jeshi likaelekezwa kwenye vita dhidi ya waasi wa Lord's Resistance Army (LRA), na waliosalimisha wakaachwa bila mlinzi. Wabokora, mojawapo ya jamii za Karamoja, waliokuwa wametoa silaha kwa wingi, walivamiwa na majirani waliobaki nazo.

Hapo ndipo hoja ya kambi ya pili, ile ya mtiifu kufungwa mikono, inapopata ushahidi wake mzito kuliko wowote utakaopatikana Texas. Inaonyesha pia kwamba kosa lilikuwa la mpangilio: silaha ziliondolewa kabla ya ulinzi kuwekwa, na kwa jamii moja kabla ya nyingine. Mwaka 2006 jeshi lilirudi na mtindo wa kuzingira vijiji na kusaka, na mwaka uliofuata Human Rights Watch ikaeleza kwa kirefu vipigo na vifo vilivyoandamana na kazi hiyo. Mashambulizi yalipungua sana kwa miaka kadhaa, kisha yakarudi mwishoni mwa muongo uliofuata. Julai 2021 jeshi lilianzisha operesheni nyingine na kuipa jina la Kiswahili, Usalama kwa Wote.

Ng'ambo ya mpaka, Kenya nayo ilijitengenezea tatizo. Mtafiti James Bevan alikusanya maganda na risasi Turkana Kaskazini na kusoma alama zilizogongwa kwenye vitako vyake. Matokeo yaliyochapishwa na Small Arms Survey mwaka 2008 yalionyesha kwamba karibu nusu ya risasi zilizozunguka huko kiharamu zilitoka kwa polisi wa Kenya, nyingi zikiwa zimetengenezwa katika kiwanda cha Eldoret. Halikuwa fumbo. Serikali ilishindwa kuwalinda Waturkana dhidi ya Watoposa wa Sudan Kusini na makundi ya Uganda, ikawapa polisi wa akiba kutoka jamii hiyo bunduki na risasi wajilinde wenyewe. Risasi zikaingia sokoni. Mwaka 2019 serikali ikawanyang'anya polisi wa akiba silaha. Februari 2023, wakati wa operesheni ya Maliza Uhalifu huko Baringo, Pokot Magharibi na kaunti jirani, ikawa inawahitaji tena.

Kwa maandishi, ukanda huu una sheria ambayo Howard angeitambua. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazitaka nchi wanachama, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zikiwemo, kupiga marufuku umiliki wa raia wa raifali zinazojipakia zenyewe. Inazitaka pia zigonge alama kwenye silaha za dola na kutunza kumbukumbu zake. Sehemu ya kwanza ya masharti hayo ndiyo hutangazwa redioni kila msimu wa msamaha. Novemba 2016 Kenya ilichoma bunduki 5,250 huko Ngong mbele ya kamera.

Sehemu ya pili haina moto wala kamera. Ni daftari la ghala: bunduki ngapi zimetolewa kwa askari yupi, ngapi zimerudi, risasi ngapi zimetumika na wapi. Wabunge wa Dodoma, Nairobi na Kampala hupitisha kila mwaka bajeti ya wizara za mambo ya ndani na ulinzi, na wanaweza kumtaka mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali ahesabu risasi kama anavyohesabu shilingi. Operesheni ya kupokonya silaha inapopangwa Karamoja au Baringo, kamati ya bunge inaweza kuuliza kabla ya siku ya kwanza ni kikosi gani kitabaki kijijini mwaka wa pili, na kama jamii ya ng'ambo ya mpaka inasalimisha siku hiyohiyo. Maabara za polisi zinaweza kuchapisha kila mwaka, kwa kila silaha ya mauaji iliyokamatwa, mahali ilipotoka: duka, karakana, mpaka au ghala. Jedwali hilo moja lingeonyesha ni sheria ipi inayohitajika Arusha, ipi Kapenguria, na ipi isiyo na kazi kokote.